Monika Mke wa Patricius: Alijua Wakati wa Kunyamaza na Wakati wa Kusema



Kila mwaka tarehe 27 Agosti Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Monika, na kesho yake, tarehe 28, linamkumbuka mwanawe, Mtakatifu Augustino. Karibu kila mmoja wetu amesikia habari za machozi ya mama huyu, jinsi alivyomlilia mtoto wake aliyepotea mpaka akarudi kwa Mungu. Lakini kabla ya kuitwa mama wa Augustino, Monika alikuwa mke wa mtu. Ndoa yake haikuwa rahisi. Mambo ya ndoa hiyo tunayajua kwa sababu Augustino mwenyewe aliyaandika katika kitabu chake kiitwacho Maungamo, miaka kama kumi hivi baada ya mama yake kufariki.

Tumeona vema tuyaeleze katika ukurasa huu kwa sababu moja. Jina la Monika hutajwa sana mke anapoleta malalamiko yake kwa wazee au kwa wenzake wa jumuiya. Huambiwa avumilie kama Monika, anyamaze kama Monika, na shauri likaishia hapo. Naye akirudi nyumbani hujiuliza: ninyamaze mpaka lini? Hilo ni swali la haki. Ukiyafuata maisha ya Monika hatua kwa hatua, utaona kwamba mke huyu hakuwa bubu. Alinyamaza kwa muda, kisha alisema.

BINTI WA THAGASTE

Monika alizaliwa mnamo mwaka 331 au 332. Alikuwa Mwafrika. Mji wake, Thagaste, ulikuwa katika Numidia, nchi iliyotawaliwa na Warumi. Leo mahali hapo panaitwa Souk Ahras, kaskazini mashariki mwa Algeria. Wazazi wake walikuwa Wakristo. Malezi yake hasa yalikuwa mikononi mwa mtumishi mmoja mzee, mwanamke ambaye zamani alikuwa amembeba mgongoni baba yake Monika alipokuwa mtoto mchanga. Kwa ajili hiyo aliheshimiwa sana katika nyumba ile.

Bibi huyo alikuwa mkali. Hakuwaruhusu wasichana kunywa hata maji kati ya mlo na mlo. Aliwaeleza kwamba leo wanataka maji kwa kuwa divai haiko mkononi mwao, lakini wakisha kuolewa na kukabidhiwa funguo za ghala, maji watayadharau na desturi ya kunywa itabaki. Hata hivyo, Monika alipotumwa na wazazi wake kuteka divai, alianza kuonja kidogo kwa ncha ya midomo. Hakuwa anaipenda, ulikuwa mchezo wa utoto. Siku hata siku aliongeza, mpaka akafika kunywa vikombe vilivyokaribia kujaa.

Siku moja mjakazi aliyekuwa akifuatana naye alikosana naye, akamtukana kwamba yeye ni mlevi. Neno hilo lilimchoma. Monika aliitazama tabia yake, akaiona ni mbaya, akaiacha papo hapo. Augustino aeleza kwamba mjakazi yule alitaka kumuumiza bibi yake mdogo, wala hakuwa na nia ya kumponya. Ni Mungu aliyelitumia neno la hasira kuleta uponyaji. Basi tangu ujana wake Monika alikuwa ameonja mwenyewe nguvu ya neno moja linaloingia moyoni.

MUME MWENYE HAMAKI

Alipofikia umri wa kuolewa, wazazi wake walimwoza kwa Patricius, mwenyeji wa mji ule ule. Patricius alikuwa mmoja wa wazee wa baraza la mji, lakini mali yake ilikuwa ndogo. Hakuwa Mkristo. Kwa hiyo ndoa yao ilikuwa kama zile ambazo wengi wenu mnazijua, ambapo mmoja anakwenda kanisani na mwenzake anabaki nyumbani. Walijaliwa watoto: Augustino, aliyezaliwa tarehe 13 Novemba 354, ndugu yake Navigius, na binti mmoja ambaye baadaye aliongoza nyumba ya watawa wanawake.

Patricius alikuwa na mambo mawili ndani yake. Alikuwa na moyo mwema, na pia alikuwa mwepesi mno wa kuwaka. Tena hakuwa mwaminifu kwa mkewe. Monika alijua. Hakumfanyia ugomvi juu ya jambo hilo, kwani alingoja huruma ya Mungu, akitumaini kwamba mumewe akisha kuamini, atajifunza usafi wa ndoa. Usidhani kwamba hakuumia. Mwanawe aliyeandika habari hizo aliliita kosa la baba yake kwa jina lake, ingawa alikuwa mzazi wake.

Sasa tazama alivyofanya Patricius alipokasirika. Monika hakujibizana naye, wala kwa maneno wala kwa matendo. Moto hauzimwi kwa moto. Lakini habari haikuishia hapo, na hapa ndipo wengi husahau. Hasira ilipokwisha, Patricius alipotulia na Monika kuona kwamba wakati unafaa, alilirudia jambo lile lile na kumweleza sababu ya alilolitenda, ikiwa mumewe alikuwa amewaka bila kufikiri. Hakuliacha jambo lipotee, wala hakulifukia moyoni likaoza.

Ndugu msomaji, kunyamaza kwa namna hiyo hakutokani na woga. Mwenye woga hunyamaza leo, kesho na kesho kutwa. Monika alinyamaza kwa saa moja au kwa siku moja ili neno lake lipate masikio ya kulisikia.

WANAWAKE WENYE ALAMA USONI

Katika mji wa Thagaste walikuwapo wanawake wengi walioolewa na waume wapole kuliko Patricius, na hata hivyo nyuso zao zilikuwa na alama za mapigo. Walipokutana na kuzungumza, kila mmoja alilaumu maisha ya mumewe. Walishangaa kwamba Patricius, aliyejulikana na wote kwa ukali wake, hakupata kusikika kwamba amempiga mkewe, wala hakukuonekana dalili yoyote ya jambo hilo. Walipomuuliza siri yake, Monika aliwaeleza desturi yake. Waliomfuata walimshukuru, wasiomfuata waliendelea kuteseka.

Hapa yatupasa kusema wazi. Monika pia aliwalaumu wake wale kwa ndimi zao, na kuwakumbusha kwamba hati ya ndoa iliwafanya kuwa kama watumishi wa waume zao. Hayo yalikuwa mawazo ya sheria na desturi za Kirumi za wakati wake. Leo Kanisa halifundishi hivyo. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake juu ya familia ya mwaka 1981, alifundisha kwamba mke na mume wana hadhi sawa. Anayepiga ndiye mwenye kosa, wala kosa hilo haliwi la anayepigwa kwa sababu tu alijibu.

Kwa hiyo asiwepo mtu wa kulitumia jina la Monika kumrudisha mke, au mume, chini ya fimbo. Sheria ya Kanisa inamruhusu mwenye ndoa kuondoka pale mwenzake anapohatarisha sana mwili au roho yake au ya watoto. Marehemu Papa Fransisko, katika wosia wake wa mwaka 2016 uitwao Amoris Laetitia, alisema kwamba zipo nyakati ambapo kutengana ni lazima ili kumwokoa aliye dhaifu na watoto kutokana na ukatili. Hapa Kenya tunayo pia sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, na mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Mahali penye damu, wakati wa kusema ni sasa.

MAMA MKWE NA WACHONGEZI

Ukali wa mume haukuwa taabu pekee. Mama mkwe pia alimchukia Monika hapo mwanzo, kwani wajakazi wabaya walikuwa wakimnong'oneza maneno ya uongo juu ya mkaza mwana wake. Monika hakwenda kushtaki kwa mumewe kila jioni. Alimheshimu mama huyo, akavumilia, akaendelea na upole bila kuchoka. Mwishowe mama mkwe mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa mwanawe na kumfichulia ndimi zilizokuwa zikivuruga amani ya nyumba. Patricius aliwaadhibu wajakazi wale kwa viboko, kama ilivyokuwa desturi ngumu ya siku zile. Naye mama mkwe akatangaza kwamba yeyote atakayemletea neno baya juu ya mkaza mwana wake ili kumpendeza, atapata ujira ule ule. Tangu siku hiyo waliishi kwa mapendo matamu sana.

Monika alikuwa na kipaji kingine ambacho Augustino alikiona kuwa kikubwa. Watu wawili waliogombana walikuwa wakija kwake kila mmoja kwa wakati wake, na kumwaga uchungu wao wote. Yeye alisikiliza pande zote mbili. Lakini alipokwenda kwa huyu, hakubeba ya yule, ila neno lile tu ambalo lingeweza kuwapatanisha. Augustino asema alikuwa amewaona watu wasiohesabika wanaobeba maneno ya maadui na kuongeza hata yale ambayo hayakusemwa. Ndugu zangu, ugonjwa huo haujatutoka. Zamani maneno yalibebwa na wajakazi. Siku hizi yanasafiri kwa simu, na jioni moja inatosha kuwagombanisha wakwe wa pande mbili.

MAVUNO YA PATRICIUS

Patricius hakuwa mtu wa kulaumiwa tu. Aliwaacha mkewe na watoto wakae katika imani yao. Zaidi ya hayo, ingawa hakuwa tajiri, alijinyima ili mwanawe apate masomo mbali na nyumbani, jambo ambalo wengi waliomzidi mali hawakulifanya kwa watoto wao. Augustino alipokuwa na miaka 16 alilazimika kukaa nyumbani mwaka mzima kwa sababu karo ilikuwa haijapatikana. Wazazi wangapi wanaosoma ukurasa huu wanaujua mwaka wa namna hiyo!

Wakati huo Patricius alikuwa ameanza kuwa mkatekumeni. Mwishoni mwa maisha yake alibatizwa, na tangu alipokuwa mwamini Monika hakuwa tena na sababu ya kulilia yale aliyokuwa akiyavumilia zamani. Patricius alifariki mnamo mwaka 371. Monika alibaki mjane akiwa na miaka ipatayo 40, na mzigo wa karo ukawa wake, akisaidiwa na tajiri mmoja wa Thagaste aitwaye Romanianus.

MTOTO MGUMU KULIKO MUME

Huko Carthage, Augustino alianza kuishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto wa kiume, Adeodatus. Kisha akajiunga na dhehebu la Wamani, akakaa huko miaka tisa. Kwa mama huyu, aliyekuwa amemvuta mume wake kwa upole, mtoto alikuwa jaribu kubwa zaidi. Mwanzoni hata alimkataza kukaa naye nyumba moja na kula naye meza moja. Baadaye aliota ndoto iliyompa tumaini kwamba mahali aliposimama yeye, mwanawe naye angesimama, akampokea tena.

Alimwendea askofu mmoja, akamsihi aketi na mwanawe amshinde kwa hoja. Askofu alikataa. Alimweleza kwamba kijana huyo bado ana majivuno, hayuko tayari kufundishwa; amwache, amwombee tu, naye atautambua upotovu wake kwa kusoma mwenyewe. Monika hakuridhika, akazidi kulia na kusihi, mpaka askofu, akiwa karibu kuchoka naye, akamwambia aende zake, kwani haiwezekani mwana wa machozi kama hayo apotee. Unaona? Somo lile lile alilolijua katika ndoa ilimpasa alisomwe upya katika ulezi: kwanza usubiri masikio yafunguke.

Mwaka 383 Augustino alimdanganya mama yake bandarini, akapanda merikebu usiku kwenda Roma, huku Monika akikesha akisali katika kanisa la Mtakatifu Sipriani. Mwaka 385 Monika alimfuata mpaka Milano. Baharini ilipochafuka, yeye ndiye aliyewatia moyo mabaharia. Huko Milano alizoea, kama desturi ya Afrika ilivyokuwa, kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi. Alipoambiwa mlangoni kwamba Askofu Ambrosi amekataza, hakubisha. Tangu hapo alipeleka sala yake, na alichokuwa nacho akawapa maskini.

Lakini msidhani kwamba mtakatifu hakosei kamwe. Augustino aandika kwamba alipokuwa kijana wazazi wake hawakumtafutia mke, wakiogopa kwamba ndoa ingeharibu masomo yake, na kwamba hata mama yake alikuwa na hofu hiyo. Tena huko Milano Monika alishughulika sana kumpatia mchumba, msichana ambaye bado ilimbidi kungojewa miaka miwili ili afikie umri. Kwa ajili ya mpango huo, mama wa Adeodatus aliondolewa, akarudi Afrika peke yake akiapa kwamba hatamjua mwanamume mwingine. Jina lake halikuandikwa. Sisi wazazi tunaopangia watoto wetu ndoa kwa kuangalia vyeo tusilisahau chozi la mwanamke huyo.

Ndoa ile iliyopangwa haikufungwa. Mnamo Agosti 386, katika bustani huko Milano, Augustino aliongoka, akaingia ndani kumweleza mama yake, naye akajaa furaha. Usiku wa Pasaka, kuamkia tarehe 25 Aprili 387, alibatizwa na Ambrosi pamoja na mwanawe Adeodatus.

KABURI ALILOLITAKA

Walianza safari ya kurudi Afrika. Wakiwa katika mji wa Ostia, wakingoja merikebu, mama na mwana walisimama dirishani wakitazama bustani, wakazungumza juu ya uzima wa milele mpaka mioyo yao ikainuliwa. Siku kama tano baadaye Monika alishikwa na homa. Alifariki siku ya tisa ya ugonjwa wake, akiwa katika mwaka wa 56 wa maisha yake.

Sasa, wanandoa, sikilizeni jambo hili. Kwa miaka mingi Monika alikuwa amejitayarishia kaburi huko Thagaste kando ya kaburi la mume wake. Kwa kuwa walikuwa wameishi kwa mapatano makubwa, alitaka watu wakumbuke kwamba baada ya safari za ng'ambo ya bahari alipewa neema ya kulala udongoni pamoja na mwenzake. Ndiye Patricius yule yule mwenye hamaki, yule yule aliyemkosea uaminifu. Mtu aliyevumilia kwa kinyongo hatamani kuzikwa kando ya mume wa namna hiyo. Tamaa hiyo yatuonyesha kwamba katika nyumba ile yalisemwa mengi, yakasikilizwa, yakasamehewa.

Lakini kitandani huko Ostia aliliachilia hata kaburi hilo. Navigius alitamani mama afie nyumbani, si ugenini. Monika aliwaambia wamzike popote, wasijisumbue. Aliwaomba jambo moja tu, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Akazikwa Ostia. Mwaka 1430 masalia yake yalipelekwa Roma, ambako yako katika kanisa la Mtakatifu Augustino, na mwaka 1945 kipande cha jiwe la kaburi lake kilionekana huko Ostia.

TUANZE WAPI?

Kwanza, hasira ikiwaka, mmoja wenu anyamaze. Lakini kesho au kesho kutwa, chakula kikisha liwa na watoto wakilala, jambo lile lirudiwe kwa sauti ya chini. Kimya kisichofuatwa na mazungumzo si kimya cha Monika.

Pili, neno lililosemwa na mama mkwe, wifi au shemeji, libebe likiwa linapatanisha; likiwa linachoma, liishie kwako.

Tatu, ninyi waume, msiridhike kwamba mke ananyamaza. Huenda anangoja mtulie. Patricius alipotulia alisikiliza, na ndiyo maana nyumba yake ilipona. Mume asiyetulia kamwe anamnyima mke wake wakati wa kusema.

Nne, salini kwa ajili ya mwenzenu bila kumtangazia kila siku kwamba mnamwombea.

Augustino anapomaliza kusimulia habari za mama yake, anawaomba wasomaji wake wamkumbuke Monika kwenye altare ya Bwana, pamoja na Patricius, aliyekuwa mume wake. Makaburi yao yako mbali, bahari ikiwatenga, lakini mwana wao aliyaweka majina yao pamoja katika sala moja. Jumapili hii, padre atakapowaombea marehemu, mtajeni Monika na mumewe. Kisha mrudi nyumbani, mngoje mtulie, mlizungumze lile jambo ambalo mmeliacha muda mrefu.

Tumsifu Yesu Kristo.